Toka mfupa wa Ishango mpaka mkimbizi Birkar: watu walioijenga hesabu

  Leo tunaziacha kidogo habari za barabara na bei za sokoni, tuzungumze juu ya hesabu na juu ya watu walioijenga.

Mutasema: hesabu inatuhusu nini sisi, wakati watoto wengine wamekaa miezi bila kuona daftari? Inatuhusu sana. Shuleni mtoto anafundishwa majina ya Thales, Pythagoras na Euclid, basi anafikiri hesabu ni kitu cha Wazungu, cha watu waliokaa vizuri na kula vizuri. Historia yenyewe haisemi hivyo. Inatuonyesha wavuvi wa Kivu, waandishi wa Misri waliogawa mikate, mtumwa asiyejua kusoma, mwanamke aliyefukuzwa kazini, mfungwa wa vita, na mkimbizi aliyeomba hifadhi nchi ya watu. Tuanze hapa kwetu.

MFUPA WA ISHANGO

Huko Kivu ya Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kuna mahali panapoitwa Ishango. Ni pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard. Mwaka 1950, mtaalamu wa mawe na udongo kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba hapo. Alikuta mabaki ya watu wa kale waliokuwa wavuvi, pamoja na ncha za mikuki ya kuvulia samaki zilizochongwa kwa mifupa. Katikati ya vitu hivyo alipata mfupa mdogo wa mnyama, wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Kwenye ncha moja umepachikwa kipande cha jiwe gumu linaloitwa kwatzi. Pande zake zimechanjwa alama, moja kando ya nyingine, na alama hizo zimepangwa kwa mafungu katika safu tatu.

Zamani walifikiri mfupa huo una miaka elfu chache tu. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba una miaka 20,000 hivi, pengine zaidi. Wakati ule Roma haikuwepo, Ugiriki haikuwepo, wala piramidi za Misri zilikuwa bado.

Sasa tazameni hesabu yenyewe. Safu ya kwanza ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni safu ya kwanza, mutapata 60. Jumlisheni ya pili, mutapata tena 60. Safu ya tatu ina 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5, halafu 5 na 7. Jumla yake ni 48. Katika safu hiyo ya tatu munaona kama mtu anayezidisha mara mbili: 3 inakuwa 6, na 4 inakuwa 8. Halafu 10 inakatwa katikati inakuwa 5.

Wataalamu wamebishana sana juu ya alama hizo. De Heinzelin aliona mchezo wa namba: 11 ni 10 na moja, 9 ni 10 kutoa moja, 21 ni 20 na moja, 19 ni 20 kutoa moja. Tena aliona kwamba 11, 13, 17 na 19 ni namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na kati ya 10 na 20 hakuna zingine za namna hiyo. Alexander Marshack wa Marekani yeye alisema ni kalenda ya mwezi wa mbinguni, maana alama 60 zinakaribia siku za miezi miwili, na 48 zinakaribia mwezi mmoja na nusu. Mwandishi mwingine wa Marekani, Claudia Zaslavsky, aliuliza: nani anahitaji zaidi kufuata miezi, kama siyo mwanamke anayehesabu siku zake? Kama ni hivyo, basi mwanahesabu huyo wa Kivu huenda alikuwa mama. Wengine tena wanasema alama hizo ni za kushikia tu, ili mfupa usiteleze mkononi.

Tuseme pia ukweli: siyo mfupa wa kale kuliko yote. Kule kusini mwa Afrika, katika milima ya Lebombo, ulipatikana mfupa wenye alama 29 na umri wa miaka 40,000 hivi. Wote wawili ni wa Afrika. Ila ule wa Lebombo una safu moja tu ya alama, na wa Ishango una mafungu yaliyopangwa. Ndiyo sababu unatajwa katika vitabu vingi vya historia ya hesabu, duniani kote.

Na uko wapi leo? Uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili ya Ubelgiji. Mtoto wa Beni au wa Kabare anayetaka kuuona kwa macho yake anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Jambo hilo linauma, na ni halali liume. Lakini namba zilizo juu yake hazikufungiwa katika kabati la kioo. Munazo sasa, mumezisikia, na munaweza kuziandika kwa kaa la moto kwenye ubao.

AHMES NA MIKATE YA WATU KUMI

Maji ya Ziwa Edouard yanashuka Semliki, yanafika Ziwa Albert, yanaingia Nile na kwenda mpaka Misri. De Heinzelin aliwaza kwamba hata ujuzi wa Ishango huenda ulishuka kwa njia hiyo. Hakuna aliyelithibitisha wazo hilo. Lakini Misri tunakuta kweli watu wanaohesabu kwa kuzidisha mara mbili.

Yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi aitwaye Ahmes alinakili kitabu kirefu cha hesabu kwenye karatasi ya mafunjo. Karatasi hiyo leo iko London. Ahmes ni kati ya watu wa kwanza kabisa katika historia ya hesabu tunaowajua kwa jina. Maswali yake ni ya maisha ya kila siku: nafaka ghalani, eneo la shamba, na chakula cha wafanyakazi.

Swali mojawapo linauliza hivi: mikate 6 igawanywe kwa watu 10, kila mtu apate sawa. Leo tungesema kila mtu apate sehemu 6 za mkate uliokatwa vipande 10. Mmisri hakufanya hivyo. Alichukua mikate 5 akaikata katikati, akapata nusu 10. Kila mtu akapokea nusu yake. Mkate wa sita akaukata vipande 10, kila mtu akaongezewa kipande kimoja. Basi kila mmoja ana nusu moja na kipande kimoja cha kumi, na wote wanaona kwa macho kwamba hakuna aliyependelewa.

Yeyote aliyewahi kusimama mahali ambapo msaada unagawanywa, magunia machache na jamaa nyingi, anajua thamani ya jambo hilo. Mara nyingi ugomvi hauanzi kwa sababu chakula ni kidogo. Unaanza kwa sababu watu hawaoni namna kilivyogawanywa. Mgawanyo wa Ahmes unafanyika mbele ya wote, na hata asiyejua kusoma anaweza kuuhakikisha.

Namna yake ya kuzidisha nayo inafaa soko letu. Tuseme mama anauza maharagi, kipimo kimoja franka 1,500, na mteja anataka vipimo 13. Mama hajui jedwali la kuzidisha. Basi azidishe mara mbili tu: kipimo 1 ni 1,500, vipimo 2 ni 3,000, vipimo 4 ni 6,000, vipimo 8 ni 12,000. Sasa 13 ni 8 na 4 na 1. Ajumlishe 12,000 na 6,000 na 1,500, apate 19,500. Hakuhitaji mashine wala mtu wa kumhesabia.

AL-KHWARIZMI NA KILE ALICHOKIITA "KITU"

Wengi wa wale tunaoita Wagiriki nao walifanya kazi yao hapa Afrika. Euclid, yule wa vitabu vya jometri, alifundisha Alexandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Eratosthenes, aliyezaliwa pwani ya nchi ambayo leo ni Libya, alipima ukubwa wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha jua Alexandria na Aswan. Hakusafiri kuizunguka dunia. Kivuli kilimtosha.

Baadaye India ilileta zawadi kubwa. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri, yaani namna ya kujumlisha na kutoa na kitu ambacho si kitu. Kutoka India namba hizo zilipita kwa Waarabu, na kutoka kwa Waarabu zikafika Ulaya.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka safari hiyo. Mushi anasema ikumi, nasi katika Kiswahili tunasema kumi. Yeye anasema munani, sisi nane. Hayo ni maneno ya babu zetu. Lakini sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu yametoka Kiarabu, yamekuja na biashara ya pwani. Sifuri ni neno la Kiarabu, na neno hilohilo ndilo lililozaa "zéro" ya Wafaransa. Hata neno hesabu limetoka huko. Kwa hiyo mtoto anayehesabu moja mpaka kumi katika Kiswahili anapita Afrika na Arabuni bila kuondoka kitini.

Kati ya wataalamu walioandika kwa Kiarabu wakati huo, mkubwa ni Muhammad al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad miaka ya 820 hivi. Kitabu chake juu ya "al-jabr" ndicho kilicholeta neno aljebra. Jina lake mwenyewe, likipita katika Kilatini, limekuwa algoritimu, yaani mpangilio wa hatua ambao simu inaufuata kila mara unapotuma feza.

Kwa nini aliandika? Alieleza mwenyewe mwanzoni mwa kitabu: watu wanahitaji hesabu katika urithi, katika kugawana mali, katika mashtaka, katika biashara na katika kupima mashamba. Aljebra ilitumikia tangu mwanzo watu wasiotaka kugombana juu ya shamba. Hapa Kabare, ambapo mashamba ni madogo na mashtaka ni mengi, tunaelewa vizuri.

Werevu wake ni huu: kile usichokijua, kipe jina, kisha kitendee kama unakijua. Yeye alikiita "kitu". Tuseme ndugu wawili wamekubaliana kugawana shamba la upana wa hatua 42, na mwenye watoto wengi achukue mara mbili ya mwenzake. Sehemu ndogo ni "kitu". Sehemu kubwa ni "vitu" viwili. Jumla ni "vitu" vitatu, navyo ni hatua 42. Basi "kitu" kimoja ni hatua 14, na sehemu kubwa ni 28. Wanaweza kuweka mpaka mbele ya mashahidi na kwenda nyumbani.

THOMAS FULLER, MTUMWA ALIYEHESABU KICHWANI

Sasa tufike kwa watu ambao historia iliwavunja, na hesabu ikabaki nao.

Thomas Fuller alizaliwa Afrika Magharibi yapata mwaka 1710. Akiwa na miaka 14 alikamatwa, akapelekwa Virginia, Marekani, kuwa mtumwa. Hakufundishwa kusoma wala kuandika maisha yake yote. Akiwa mzee, watu walikuja kumjaribu. Walimuuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi. Akafikiri kama dakika mbili, akajibu: 47,304,000. Wakamuuliza tena: mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12, ameishi sekunde ngapi? Baada ya dakika moja na nusu akajibu: 2,210,500,800.

Mmoja wao, aliyekuwa akihesabu kwa kalamu, alisema mzee amekosea, namba yake imezidi. Fuller akamkumbusha kwamba amesahau ile siku inayoongezwa kila baada ya miaka minne. Yule mtu akairudia hesabu yake, akakuta mzee ni mkweli. Daktari Benjamin Rush aliandika habari hiyo mwaka 1788, na wale waliopigania kufutwa kwa utumwa waliitumia kama ushahidi kwamba akili ya Mwafrika haina upungufu. Fuller alikufa mwaka 1790, bado mtumwa. Walimnyima uhuru, walimnyima shule, walimnyima hata mshahara. Hesabu hawakuweza kumtoa kichwani.

EMMY NOETHER ALIFUNDISHA NYUMBANI

Wazazi wenye mabinti, jina hili mulishike: Emmy Noether, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1882. Mwaka 1915 aliitwa Göttingen, chuo kilichokuwa na sifa kubwa katika hesabu. Maprofesa wengine walikataa mwanamke afundishe. Kwa miaka kadhaa masomo yake yalitangazwa kwa jina la mwanaume, profesa David Hilbert, naye alifundisha bila mshahara. Mwaka 1918 alitoa kanuni ambayo mpaka leo ni nguzo ya fizikia: kila mara sheria za asili zinapobaki zilezile, kwa mfano jana na leo, kuna kiasi fulani kisichopotea, kama vile nguvu.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimfukuza kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Baada ya kufukuzwa, aliendelea kuwapokea wanafunzi nyumbani kwake. Mwishoni mwa mwaka ule alikwenda Marekani, akafundisha katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr. Alikufa mwaka 1935 akiwa na miaka 53. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na aljebra inayofundishwa vyuoni leo ina alama zake kila mahali.

CHUO NDANI YA KAMBI

Mfaransa Jean Leray alikuwa ofisa wa jeshi mwaka 1940, Wajerumani walipoishinda Ufaransa. Walimfunga katika kambi ya wafungwa wa vita huko Edelbach, Austria, akakaa humo karibu miaka mitano. Ndani ya seng'enge, wafungwa walianzisha chuo, naye Leray akawa mkuu wake. Yeye alijua sana hesabu za maji na hewa zinavyotembea. Aliogopa Wajerumani wangemlazimisha kuwafanyia kazi za vita, basi alificha ujuzi huo, akajishughulisha na tawi la hesabu ambalo halikuwafaa kitu wakati ule. Mawazo aliyoyaanza humo kambini yalibadilisha hesabu ya miaka iliyofuata.

JINA LAKE MAANA YAKE NI MHAMAJI MWANAHESABU

Wa mwisho yuko hai. Alizaliwa mwaka 1978 katika kijiji cha wakulima, upande wa Wakurdi wa Irani, karibu na mpaka wa Iraki. Alikua wakati nchi hizo mbili zinapigana, toka 1980 mpaka 1988. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfungulia mlango wa hesabu zilizozidi zile za darasani. Akasoma chuo kikuu Tehran. Mwaka 2000 alifika Uingereza na kuomba hifadhi. Kule alichukua jina jipya la Kikurdi: Caucher Birkar. Maana yake ni mhamaji mwanahesabu.

Mwaka 2018, huko Rio de Janeiro, Brazili, alipewa medali ya Fields. Hiyo ni kama taji la dunia la hesabu; inatolewa kila baada ya miaka minne kwa watu wasiozidi miaka 40. Muda mfupi baada ya kuipokea, mkoba wake uliibwa na medali ikiwa ndani. Wakampa nyingine. Mwizi alibeba dhahabu, lakini kazi iliyoleta dhahabu hiyo ilibaki kwa mwenyewe.

TUFANYE NINI SASA?

Hatutaki kudanganya mtu. Mtoto anayelala na njaa hashibi kwa kusikia habari za Birkar. Na watoto wa wahami wana haki ya kurudi shuleni, siyo kuambiwa tu wavumilie kwa sababu Fuller naye hakusoma. Fuller alinyimwa haki yake. Hatumtaji ili tunyime wengine.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatuna haja ya kungoja. Kaka mkubwa na dada mkubwa wanaweza kuwafundisha wadogo, kama alivyofanya kaka wa Birkar. Mwalimu aliyekimbia anaweza kukusanya watoto kumi uani, kama Noether alivyokusanya wanafunzi nyumbani. Mama anaweza kumwachia binti yake ahesabu feza ya mteja sokoni kwa kuzidisha mara mbili, kisha amsahihishe. Punje za maharagi zinatosha kuwa daftari. Mtoto atakayerudi darasani baada ya mwaka mmoja, akiwa bado anajua kugawa na kuzidisha, hatakaa nyuma sana ya wenzake.

Kwa hiyo tunawaachia watoto kazi tatu za jioni. Ya kwanza: mikate 3 igawanywe kwa watu 4 kwa namna ya Ahmes, yaani mukate kwanza nusu, kisha kinachobaki. Ya pili: kipimo kimoja cha unga ni franka 1,200, vipimo 11 ni bei gani, bila kutumia simu? Ya tatu ni ya wakubwa: tafuteni namba zote kati ya 20 na 30 ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, kama zile za mfupa wa Ishango. Ziko mbili tu.